Mama Ireri Wawili

Kelele ya maporomoko ilikaa nasi nyumbani kama jamaa wa ukoo. Tulikula nayo, tukaomba nayo, na mgeni alipouliza ni kitu gani kinanguruma, ilitubidi tunyamaze kidogo ndipo tuisikie. Kutoka mlango wetu wa jikoni hadi mahali mto unapojitupa bondeni ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Hata hivyo mama yangu, Kathambi, aliishi hapo miaka ishirini na sita bila kuyaona maporomoko hayo usoni. Aliyajua kwa kisogo tu: mto ulipita kando ya shamba letu, ukafika ukingoni, ukatoweka.

Wageni walitoka Embu mjini, Meru, hata Nairobi, kuja kuyaona. Mama aliwatazama wakipita barabarani akasonya.

"Watu wazima, wenye kazi na magari, wanakuja kutazama maji yakianguka. Kwao maji hupanda?"

Ulikuwa wivu. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alikiri siku moja tukipepeta maharagwe. "Huu wivu wangu ungekuwa mbolea," alisema, "tungevuna mara nne kwa mwaka."

Chanzo chake kilikuwa udongo. Mama alizaliwa Kibirichia, kwenye nyumba ya wakulima wa viazi, na kule mtoto husoma udongo kabla ya kusoma kitabu. Mpaka leo akifika kwenye shamba la mtu, hata kama ni kwa mazishi, utamwona ameinama, ameshika konzi ya udongo, anaufinya, anaunusa, kisha anaugusisha ulimi kidogo akidhani hakuna anayemwona. Baba yangu, Ndwiga, alimkuta soko la Gakoromone akiwa amekalia magunia ya viazi. Baba alikuwa ametoka kwetu Kanja kutafuta viazi vya mbegu. Alinunua gunia moja. Wiki iliyofuata akarudi kununua jingine, na wiki iliyofuata tena, na wakati huo hakuwa na shamba la kupanda hata debe. Mama aliyaelewa magunia hayo vizuri.

Mwaka alioolewa, babu yangu, Ireri, aligawa ardhi yake kati ya wanawe wawili. Kilikuwa kipande kirefu kilichoanza barabarani na kuishia bondeni. Sehemu ya juu ilikuwa na udongo mwekundu, mzito, unaoteremka taratibu kandokando ya mto. Sehemu ya chini ilikuwa mawe. Baba, kwa kuwa ni kifungua mimba, alipewa nafasi ya kuchagua kwanza, na kwa kuwa ni Baba, alimgeukia bibi arusi wake akamwuliza, "Wewe unaonaje?"

Mama alishuka, akapanda, akaonja huku na kule. Kule chini alikuta miamba myeusi imesimama wima, imebanana, kila mmoja na pembe zake, kama mizinga ya nyuki iliyosimamishwa ukutani na mtu mwenye subira nyingi. Nyasi zilizoota katikati yake hazikutosha mbuzi watatu. Akasema, "Juu." Hakuona haja ya kufika bondeni kabisa. Mtu hapandi maharagwe hewani.

Ndugu mdogo wa Baba, Njura, alikuwa ameoa mwaka huohuo. Mkewe ni Winrose, wakati huo msichana mwembamba aliyependa kufuma masweta. Kwetu wake wa ndugu huitana wake wenza ingawa kila mmoja ana mume wake, na siku ya kugawa ardhi Mama alimwuliza huku akicheka, "Sasa nyinyi, mke mwenzangu, mtapanda nini huko? Mawe?"

Winrose alikaza leso yake kiunoni akateremka na mumewe. Mama ndiye aliyenisimulia neno hilo, na aliponisimulia lilikuwa limekwisha kumrudia mara nyingi, kama kiungulia.

Kwa miaka mingi mambo yalienda kama Mama alivyoona. Shamba letu lilitoa mahindi, maharagwe, ndizi na viazi. Winrose alikuja na kiondo kuomba mahindi ya kusukuma wiki, na Mama akampa hata kabla hajamaliza kuomba. Ni rahisi kutoa ukiwa juu. Wote wawili walijaliwa mtoto wa kiume kwanza, na wote wawili, kama desturi inavyotaka, wakampa mtoto jina la babu. Kwa hiyo kulikuwa na Ireri wawili na Mama Ireri wawili. Watu wa Kanja hawakuona taabu. Mama Ireri alikuwa Mama. Winrose alikuwa "yule mwingine wa kule kwa mawe."

Kisha wakaja wapanda milima fulani, yapata miaka saba sasa. Walipotea njia, wakatokea kwa Njura, wakapiga picha wakiwa juu ya jiwe, wakaenda. Mwezi uliofuata wakaja watu wengine wakiwa na picha hiyo kwenye simu, wakiuliza, "Hapa ni wapi?" Njura akaweka lango. Winrose akaweka meza, birika na chapati. Wakajenga vyoo viwili vyenye milango ya bluu, kimoja cha wanawake na kingine cha wanaume, kila kimoja kimeandikwa.

"Hata choo chake kinajua kusoma," alisema Mama.

Niliporudi nyumbani likizo ya mwaka wa pili chuoni, nilijaribu kumweleza niliyoyasoma: kwamba zamani mlima wetu ulikuwa volkano, kwamba ulitema mawe yaliyoyeyuka, na uji ule ulipopoa polepole ulipasuka ukawa nguzo zile. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Kwa hiyo mlima ulitapika."

"Ndiyo, Mama."

"Na kati ya pande zote, ukatapikia upande wa Njura."

Kilichomwuma zaidi ni jina. Waendesha bodaboda wa Kanja walizoea kupeleka wageni, na ukisema "kwa Mama Ireri" hawakuuliza yupi. Siku moja Mama alitoka sokoni na kikapu chake na miche ya vitunguu, akamwambia kijana mgeni wa kazi, "Nyumbani kwa Mama Ireri." Akafikiria mambo yake. Pikipiki iliposimama, alikuwa mbele ya lango la Winrose, na yule kijana akamwelekeza kwa adabu, kama anayesema na nyanya yake: "Shosho, kiingilio unalipia pale."

Winrose aliona, akatoka mbio, akafuta kiti. "Karibu, mke mwenzangu! Ingia unywe chai, halafu nikupeleke ukaone maji."

"Maji nimeyaona," alisema Mama. "Tunayaoga." Akajitwika kikapu, akapanda njia ya mbuzi kwa miguu, na jioni ile hakula.

Tangu hapo, mgeni akikosea akaingia kwetu kuuliza maporomoko yako wapi, Mama alimwelekeza kiwanda cha kahawa. Hakusema uongo kabisa. Alisema tu, "Fuata hiyo barabara, ukifika kiwandani uliza tena." Mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya pazia na kitabu changu nikiona haya kwa niaba yake, lakini sikuwahi kutoka kumrekebisha.

Mwaka huu mvua za Aprili ziliharibu njia ya mbuzi. Ndiyo njia pekee iliyoshuka kwa Njura, ya miguu na ya pikipiki, na inapita juu ya mawe matupu. Mwalimu mmoja aliyeleta wanafunzi akateleza akavunjika kifundo cha mguu, na wazazi wakaanza kuwakataza watoto kuja. Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, Njura na Winrose walikuja kwetu wamevaa vizuri. Winrose alibeba kitu ndani ya leso. Alikifungua mezani: pakiti ya sukari ya kilo mbili na majani chai, vyote vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu wa sufu.

Mama alipouona ule uzi, alikaa wima.

Kwetu mtu hawezi kuja kuomba jambo zito mikono mitupu. Zamani alileta kibuyu cha pombe ya asali. Siku hizi, kwa watu wa kanisa, ni sukari. Kilicholetwa huwekwa kando bila kuguswa mpaka jibu lipatikane. Kikirudishwa na uzi wake, ombi limekataliwa, na hakuna ugomvi. Kikifunguliwa na mwenye nyumba akaonja, amekubali, na hakuna kurudi nyuma.

"Tumekuja kuomba njia," alisema Njura, akimtazama kaka yake. "Ukingoni tu, upande wa maharagwe. Hatua tatu kwa upana. Ishuke kutoka barabarani mpaka kwetu. Bila njia, mambo ya wageni yamekwisha, na mnajua kule kwetu hakuna kingine."

Baba alikohoa. "Mimi kwa shamba hili hulala tu. Mwulizeni Mama Ireri."

"Mama Ireri yupi?" akauliza Mama.

Hakuna aliyecheka. Winrose alitazama mikono yake. "Wewe, mke mwenzangu. Ni wewe tunayekuomba."

"Tutafikiria," alisema Mama, akaichukua pakiti akaifungia kabatini.

Walipoondoka hakuficha nia yake. Angeirudisha Jumamosi, ule uzi ukiwa haujaguswa. "Wapite juu ya maharagwe yangu, waende wakampe yeye? Watu wa kutoka Nairobi wanikanyagie shamba ili wakaone jiwe la Winrose?" Baba alimwambia kwamba Njura ni damu yake. Mama akasema hakatai damu, anakataa njia.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu kupokea akina mama wa kanisa kwa maombi. Walikuja kumi na mmoja, na Winrose alikuwamo, kwa kuwa ni wa kundi hilohilo. Mwenyekiti wao ni Mama Marete, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeolewa huku kutoka Meru kama Mama. Waliimba, wakasoma, wakaombea wagonjwa, kisha nikaleta chai.

Mama Marete alionja, akaweka kikombe chini, akashusha pumzi. "Winrose, siku ile kwako! Ile chai ya iliki! Mpaka leo nikiimba naisikia kooni."

"Na ilivyokuwa nyeupe," alisema mwingine. "Maziwa matupu."

"Na sukari," akasema wa tatu. "Mtu alijitilia mpaka akachoka."

Winrose alikuwa akitikisa kichwa kwa aibu. "Jamani, chai ni chai." Lakini alikuwa akitabasamu, na Mama aliliona tabasamu lile kutoka upande wa pili wa chumba.

"Kanana!" akaniita kwa sauti ya kanisani. "Mbona chai haina sukari? Wageni watadhani hapa kuna njaa."

"Imo, Mama."

"Ongeza."

Nikamwinamia sikioni. "Iliyokuwa kwenye kopo imeisha."

"Si kuna pakiti kabatini?"

"Mama, ile ni ile ya..."

"Ile ni ya kutazamwa? Ilete yote! Iweke hapa mezani, na kijiko kikubwa, kila mtu ajitilie apendavyo. Hapa hatupimi!"

Nilisimama. Yeyote mwenye mama kama wangu anajua kuna namna ya kutazamwa ambayo hairuhusu neno la pili. Nilienda kabatini, nikakata uzi kwa kisu, nikaileta pakiti juu ya sinia. Ule uzi mwekundu ulikuwa umenata kwenye gundi ya karatasi, ukaning'inia ukingoni kama ulimi.

Wa kwanza kuuona alikuwa Mama Marete. Alimtazama Winrose, akatazama pakiti, akaanza kupuliza chai ambayo haikuwa moto tena. Mama hakuona kitu. Alikuwa amejaa ushindi. Alijitilia vijiko viwili, akakoroga, akanywa mkupuo mkubwa ili kila mtu aone utamu unavyokuwa. Alipokuwa akirudisha kikombe, macho yake yakaangukia ule uzi.

Chumba kizima kilinyamaza. Tulisikia maporomoko.

Winrose alivuta pakiti kwake. Alijitilia vijiko vitatu, polepole, akakoroga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akanywa mpaka mwisho. Wakati wa kuondoka alimshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa chai, mke mwenzangu. Njura aje na jembe kesho, au tungoje Jumamosi?"

Baba alipotoka kukamua ng'ombe na kusikia yaliyotokea, aliweka ndoo chini ili asimwage maziwa. Sikuwahi kumwona akicheka vile.

"Sukari imenywewa na kanisa," alisema Mama. "Si mimi."

"Wewe hukunywa?"

"Nilionja."

"Ulionja kiasi gani?"

Mama alinigeukia. "Kanana, kimbia dukani. Leta pakiti ya kilo mbili ya aina ileile."

"Na uzi mwekundu tutasokota wenyewe?" akauliza Baba, akaokota ndoo yake akaenda zake, mabega yakitikisika.

Hakukuwa na la kufanya. Mama ni mtu wa wivu lakini si mtu wa kuvunja desturi, na alijua kwamba kufikia Ijumaa asubuhi kila jiko la Kanja lingekuwa na habari. Jambo moja tu lilibaki mikononi mwake. Anayetoa njia ndiye hutembea mbele, aliyeomba humfuata nyuma akipigilia vigingi, na pale mtoaji anapokanyaga ndipo njia inapopita.

Jumamosi alivaa gambuti na koti lake la kanisani. Winrose alimfuata akipigilia vigingi, nami nyuma nikivibeba, kwa kuwa Njura alikuwa langoni na wageni wachache waliojitahidi kuja. Mama alianzia barabarani, akashika ukingo wenyewe wa shamba, akawa anaweka unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kwa kidole, kama anayetembea juu ya ukuta.

"Mke mwenzangu," alisema Winrose, "tulisema hatua tatu."

"Hatua za nani? Hizi ndizo zangu."

Tuliteremka hivyo mpaka mwisho wa maharagwe, tukavuka mpaka, tukapita nyuma ya jiko la Winrose. Mpaka jikoni Mama alikuwa akifika, kwa mtoto mchanga au kwa msiba. Zaidi ya hapo hakuwa amepita. Njia lazima ifikishwe mwisho wake, na mwisho wake ni bega la mwamba linalochomoza bondeni, ambapo wageni husimama. Alikwenda akitazama gambuti zake.

"Ni hapa," alisema Winrose.

Mama akainua macho.

Mimi nilikuwa nimefika pale mara kadhaa, kwa siri, nikitoka shule. Hata hivyo kila mara mwili hushtuka. Nguzo zile nyeusi zinapanda pande zote mbili za bonde, mamia kwa mamia, nyingine zimevunjika nusu na kuota kuvu, nyingine zimenyooka kama zilizorandwa na fundi. Katikati yake maji yanashuka meupe, hayana haraka ukiyatazama kwa mbali, mpaka yapige chini na ukungu upande kukulowesha uso. Kelele ile ya nyumbani kwetu, hapa inakuingia kifuani.

Mama alijifuta ukungu usoni kwa mkono wa koti.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye, "umekuwa ukitazama hivi ukienda kuokota kuni?"

"Nilikualika. Kila Pasaka."

"Ulinialika kama mgeni."

"Ulitaka nikualike kama nani?"

Mama alikuwa ameona kitu kingine. Juu ya maji, pale nguzo za kulia na za kushoto zinapoacha nafasi kama mlango uliofunguliwa, kulikuwa na shamba. Lilipanda kutoka ukingoni mpaka juu, matuta yamelala sambamba, maharagwe kijani kibichi, mahindi kijani cha kuiva, migomba imejipanga, udongo mwekundu ukionekana katikati kama mishono ya nguo. Juu kabisa kulikuwa na nyumba ndogo inayotoa moshi, na kamba ya nguo.

"Lile ni..." alisema Mama.

"Ndiyo."

"Lile ni langu." Akakunja macho. "Na ile nyeupe kwenye kamba, si kamisi yangu?"

"Ni yenyewe. Iko kwenye picha nyingi."

"Watu wa Nairobi wamekwenda na kamisi yangu?"

Nilitazama pembeni ili nisicheke. Wakati uleule kikundi cha vijana wanne kilifika kwenye jiwe. Walipiga picha za maji, wakapiga zao wenyewe, kisha msichana mmoja akamgeukia Winrose, akaelekeza kidole juu. "Mama, lile shamba zuri ni la nani? Linakaa kama limechorwa."

Winrose aliinama kuokota karatasi juu ya jiwe. "Ni la watu wa hapa," alisema.

"La watu wa hapa!" alisema Mama, vijana walipokwisha kusogea. "Hivyo ndivyo unavyowaambia?"

"Unataka niseme nini?" Winrose aligeuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Mimi nafagia jiwe. Mimi nachemsha chai. Mimi nashika watoto wa watu mkono wasianguke. Na wakifika hapa, kwanza wanasema, aa, maji. Halafu wananiuliza shamba lako. Kila siku ya Mungu. Nani analima vile? Anapanda nini? Nikiwaambia jina lako si watapanda kwako, nibaki na mawe yangu? Uliniambia nipande mawe. Nimeyapanda. Na bado wanakuuliza wewe."

"Kwa hiyo umekuwa ukinionea wivu."

"Kwani wivu uliandikishwa kwa jina lako?"

Nilidhani Mama angecheka, au wangekumbatiana kama kwenye vitabu ninavyosoma. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mama alirudisha macho kwenye shamba lake, na uso wake nilioujua vizuri ukafanya kitu kipya: ulitamani. Miaka ishirini na sita alikuwa amelilima akiwa ndani yake, ameinama, akiona mche mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyekuwa akiliona zima, kila asubuhi na kila msimu, ni Winrose.

"Desemba," alisema polepole, "maharagwe yakikauka, linakuwaje?"

"Linakuwa kama mkate uliotoka jikoni."

"Na mvua zikianza?"

"Siku tatu za kwanza ni jekundu tu. Halafu asubuhi moja unaamka, ni kama mtu amelifuta kwa kitambaa cha kijani."

Mama alimeza mate. "Umekula vingi kwa macho, wewe mwanamke," alisema.

Akageuka. Tukadhani amemaliza, lakini alipofika mwisho wa maharagwe hakurudi kwa ukingo. Alikunja koti, akaingia katikati ya shamba lake mwenyewe, akawa anapanda kwa hatua ndefu za mtu wa Kibirichia, akikanyaga matuta, akikanyaga mimea, mkono ukinionyesha mahali pa kupigilia.

"Mke mwenzangu, si tumepitia kule?" aliita Winrose akimkimbilia.

"Kurudi pia ni kutembea. Nilipokanyaga ndipo njia. Kanana, weka kigingi hapa. Na hapa. Panua!"

"Lakini hii inapita mlangoni kwako!"

"Inapita wapi tena? Kama ni shamba langu wanaulizia, walione kwa karibu, wamwone na mwenyewe. Wakishaniamkia, washuke kwako wakaone maji."

"Na wakishiba huku juu wasishuke?"

"Maji yako yanaita kuliko mimi. Mimi sina sauti hiyo."

Winrose alisimama katikati ya maharagwe, akipima. Niliona akitazama mteremko, akiona kwamba huku ni laini, kwamba hata mzee angeshuka bila kushikwa. "Basi ikunjie pale kwa mgomba," alisema. "Ikishuka moja kwa moja, mvua itaibeba."

"Nani amekuuliza?"

"Mimi ndiye natembea kwenye mteremko mkali kila siku. Ikunjie pale."

Mama alitazama mgomba, akatazama mteremko. Akaikunja njia. Winrose akarudi kwake kuchukua jembe, Mama akachukua lake, wakaanza kuchimba kutoka ncha mbili wakielekeana, kila mmoja akitazama kama mwenzake amechimba zaidi. Mimi nilikuwa nikikusanya maharagwe yaliyong'olewa.

Baba alitoka zizini saa sita mchana. Alipoona mfereji mwekundu umepasua shamba lake kutoka barabarani hadi chini, upana wa hatua nne nzuri, alivua kofia.

"Jamani! Tuliombwa ukingo. Nani ameileta njia hapa?"

Waliinua vichwa wote wawili, jasho likiwatiririka, wakajibu kwa pamoja, "Mimi."